Kabla ya mnada, ipigie hodi kompyuta yako

MSIMU wa korosho ukianza, nyumba za wageni za Nachingwea na Ruangwa hupokea mawakala wa wanunuzi kutoka kila upande. Wengi wao huja na kompyuta ndogo na simu mbili, huunganisha waifai ya nyumba, na kazi huanza hapo hapo mezani, chai ikiwa pembeni.

Ndani ya kompyuta hiyo mna bei ya juu kabisa ambayo tajiri amemruhusu wakala kufika. Mna hesabu ya tani zilizoko katika kila ghala, mna barua za benki, mna majina na namba za akaunti. Hakuna wakala anayeweza kuiacha karatasi yenye mambo hayo juu ya kaunta ya mapokezi. Lakini inawezekana kabisa kwamba ameyaacha kwenye folda ambayo kila aliyeunganishwa na waifai ile anaweza kuifungua, na yeye hana habari.

Wiki hii ukurasa huu unaziweka kando bei za ufuta na mbaazi. Tunazungumzia milango ya kompyuta: ni nini, hukaguliwa vipi, na kwa nini mtu anayenunua na kuuza mazao pale Chiola anapaswa kuijua milango yake kabla mgeni hajaijua.

Shilingi kumi kwa kilo

Tuanze na fedha, maana ndilo jambo linalomleta msomaji kwenye ukurasa huu. Katika mnada, anayeshinda hahitaji kupita sana. Mnunuzi anayetaka tani 500, na ambaye mshindani wake ameshaijua bei yake ya mwisho, anaweza kupitwa kwa shilingi 10 tu kwa kilo. Tani 500 ni kilo 500,000, kwa hiyo mshindani ameongeza shilingi milioni 5 tu na kubeba mzigo wote. Aliyeshindwa ameshalipa usafiri, malazi na pengine riba ya mkopo, na anarudi mikono mitupu.

Zamani siri hiyo ililindwa na bahasha. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mnunuzi aliandika bei yake, akaitia kwenye bahasha, bahasha ikatumbukizwa kwenye sanduku, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Chiola iko katika eneo la chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, jina lililotokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mzigo wa mkulima wa huko hupita chama cha msingi, ukafika ghalani, na bei yake ikaonekana kwenye skrini.

Ieleweke kwamba hatusemi mfumo wa soko una kasoro. Mfumo una wenyewe na una walinzi wake. Tunachosema ni kwamba bei haizaliwi ndani ya mfumo. Huzaliwa kwenye kompyuta ya wakala, kwenye simu ya tajiri na kwenye faili la karani, na sehemu hizo mara nyingi hazina mlinzi yeyote.

Milango 65,535

Kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani, kama ilivyo nyumba. Lakini anwani peke yake haitoshi, kwa sababu shughuli ni nyingi. Anayeleta barua pepe, anayetaka kuchapa na anayetaka kusoma faili wote wanakuja kwenye anwani ile ile. Ndiyo maana kila anwani imepewa milango yenye namba, kuanzia 1 hadi 65,535. Wataalamu huiita poti, neno lile lile la Kiingereza linalotumika kwa bandari ya Mtwara, ingawa hapa maana yake iko karibu zaidi na mlango kuliko gati.

Mlango huwa na kazi pale tu panapokuwa na programu nyuma yake inayosikiliza. Kurasa za intaneti hutolewa kwenye mlango namba 80, na zile zinazosafiri kwa siri, kama za benki, hutumia 443. Barua pepe kati ya seva na seva hupita 25. Mafundi huingia kwenye mashine zao kwa 22, na wale wanaotumia njia ya kale isiyoficha hata neno la siri hutumia 23. Printa ya ofisi kwa kawaida husikiliza 9100, kamera ya ulinzi hutoa picha kwenye 554, na hifadhidata ambazo programu nyingi za hesabu na stoo huzitegemea hupatikana kwenye 1433 au 3306.

Namba mbili zinafaa kukaririwa na kila mfanyabiashara anayetumia Windows. Ya kwanza ni 445, mlango ambao kompyuta hutumia kugawana mafaili. Ya pili ni 3389, mlango wa kuiendesha kompyuta kutoka mbali, kana kwamba umekaa mbele yake.

Namba hizi hazijafichwa. Zimechapishwa kwa miaka mingi na kila mwizi anazijua kama karani wa stoo anavyojua madaraja ya korosho.

Hodi, karibu, asante

Ukaguzi wa milango ni kupiga hodi. Kompyuta moja hutuma ujumbe mfupi wa kuomba mazungumzo. Ile inayopigiwa hodi, kama mlango uko wazi, hujibu karibu. Ya kwanza husema asante, na mazungumzo huanza. Salamu hiyo ya hatua tatu ndiyo inayotangulia kurasa nyingi unazozisoma na barua pepe unazozituma.

Kama nyuma ya mlango hakuna programu, kompyuta hujibu papo hapo: hapa hakai mtu. Na kama kuna ukuta wa ulinzi uliowekwa mbele, mara nyingi hodi haijibiwi kabisa. Hivyo mkaguzi hupata majibu ya aina tatu. Mlango uko wazi, mlango umefungwa, au kimya. Kimya ndicho kinachomfaa mwenye nyumba, maana hata jibu la "hapa hakai mtu" linamweleza mgeni kwamba nyumba ipo na ina mtu wa kujibu.

Kuna mbinu ambayo watoto wa mtaani wataitambua mara moja. Programu ya ukaguzi hupiga hodi, husikia karibu, kisha hukimbia bila kuingia. Imeshajua inachotaka kujua, na baadhi ya kompyuta za zamani haziandiki popote kwamba mtu alifika. Iko pia milango ya aina ya pili, isiyotumia salamu, ambapo ujumbe hutupwa tu kama barua chini ya mlango. Hiyo ni migumu kukagua, kwa sababu kimya chake kinaweza kuwa na maana ya wazi au ya kuzuiwa na ukuta wa ulinzi. Anayeanza aiache kwa sasa.

Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hii ni programu ya Nmap. Mmarekani Gordon Lyon, anayejulikana kwa jina la Fyodor, aliitoa kwa mara ya kwanza Septemba 1997 kupitia jarida la Phrack, na mpaka leo hupatikana bure. Ukiipa anwani bila maelekezo mengine, hukagua milango 1,000 inayotumika sana. Ukitaka yote 65,535 unaiambia hivyo na unasubiri zaidi. Inaweza pia kuuliza programu iliyo nyuma ya mlango jina lake na toleo lake, jambo lenye manufaa makubwa, kwani mlango ulio wazi wenye programu mpya na mlango ulio wazi wenye programu ya miaka kumi si kitu kimoja.

Nani atanitafuta Chiola?

Hili ndilo swali ambalo mfanyabiashara mdogo huliuliza, na ni swali la busara. Mwizi wa mbali ana mabenki ya kushughulika nayo. Atamjuaje mtu mwenye kompyuta moja na mizani mbili?

Jibu ni kwamba hamtafuti. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walionyesha programu iitwayo ZMap ambayo, kwa kompyuta moja yenye mtandao wa kasi, iliweza kupiga hodi kwenye mlango mmoja wa karibu kila anwani ya intaneti ya mfumo wa kawaida katika muda usiofika dakika 45. Anwani hizo ni takriban bilioni 4.3. Mashine inayopiga hodi kwa kasi hiyo haichagui kati ya benki ya London na stoo ya mbaazi. Inagonga, inaandika majibu, inasonga mbele. Tangu 2009 ipo hata huduma ya intaneti iitwayo Shodan, ambayo huweka majibu ya hodi za namna hiyo kwenye orodha inayoweza kutafutwa kama kitabu cha simu.

Mfano wa Mirai unafundisha zaidi. Mwaka 2016 programu hiyo haribifu ilizunguka duniani ikigonga mlango namba 23 wa kamera, ruta na vinasa picha. Ilipokaribishwa, ilijaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri yanayowekwa kiwandani, mengine rahisi kama "admin". Orodha hiyo haikufika hata jozi mia moja, lakini ilitosha kukusanya jeshi la vifaa vilivyotumika tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani hazikufikika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakuibiwa kitu. Walikuwa wamekopesha mlango wao bila kujua.

Waliofuata waliibiwa. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya WannaCry iliingia kwenye kompyuta kupitia mlango 445, ikayafunga mafaili ya wenyewe na kudai dola 300 ili kuyafungua. Zilizoathirika zilizidi kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho ya kasoro ile tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Aliyekuwa amesasisha kompyuta yake, au aliyekuwa amefunga mlango 445 kwa wageni, hakuguswa kwa njia hiyo.

Ikumbukwe kwamba tishio halitoki nje ya nchi peke yake. Wateja wengi wa intaneti ya simu wamewekwa pamoja nyuma ya anwani moja ya kampuni ya simu, na hodi za kutoka mbali mara nyingi huishia hapo. Hiyo ni nafuu. Lakini kwenye waifai ya nyumba ya wageni, aliyelala chumba cha jirani yuko ndani ya uzio mmoja na wewe. Yeye hahitaji kuwa mtaalamu wa kimataifa. Anahitaji programu ya bure na muda wa chai.

Zoezi la saa moja

Msomaji mwenye kompyuta mbili, au mwenye rafiki anayemwamini, anaweza kufanya jaribio lifuatalo bila kumlipa mtu. Lifanyike kwa vifaa vyako mwenyewe tu. Sababu tutaieleza baadaye.

Washa mtandao wa simu yako na uunganishe kompyuta zote mbili kwenye simu hiyo. Kwa njia hii umejenga nyumba ya wageni ndogo ambayo mwenyewe ni wewe. Kwenye kompyuta ya kazi, fungua dirisha la amri na uandike netstat -ano. Itatokea orodha ndefu. Tazama mistari yenye neno LISTENING, yaani inasikiliza. Namba inayofuata nukta mbili ndiyo ya mlango, na namba ya mwisho kabisa ni ya programu iliyoufungua, ambayo unaweza kuitafuta kwenye orodha ya kazi zinazoendelea katika Windows.

Usishtuke ukiona 135 na 445. Karibu kila Windows inazo. Orodha hiyo ni ya kutazama nyumba kutoka ndani, na inakuonyesha milango iliyopo, si ile ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia. Kwa hilo ndipo unapohitaji kompyuta ya pili.

Kwenye kompyuta ya pili weka Nmap. Tafuta anwani ya kompyuta ya kazi kwa kuandika ipconfig kwenye ile ya kazi. Itakuwa kitu kama 192.168.43.20. Kisha kwenye ile ya pili andika nmap na anwani hiyo. Ikikujibu kwamba kompyuta haionekani kuwa hewani, usifurahi mapema. Windows nyingi hukataa salamu ya kwanza lakini zipo. Rudia ukiongeza -Pn, maana yake usiulize kama yupo, gonga tu.

Sasa soma majibu. Kama 445 imeandikwa open, yaani wazi, basi wakala wetu wa mwanzo wa makala haya ni wewe. Mara nyingi chanzo ni jambo dogo. Kompyuta ilipounganishwa na mtandao kwa mara ya kwanza iliuliza kama mtandao huo ni wa hadharani au wa binafsi, na mwenyewe akabonyeza binafsi kwa haraka. Kwa binafsi, Windows huiona waifai ile kama nyumbani, na ukiwa umewahi kuruhusu kugawana mafaili, mlango hufunguka. Badilisha mtandao huo uwe wa hadharani, hakikisha ukuta wa ulinzi wa Windows umewashwa, kisha gonga tena. Hodi ile ile ya 445 sasa itakutana na kimya, ambacho Nmap hukiandika filtered.

Baada ya hapo fungua folda zako zilizoshirikishwa moja moja. Folda ya bei haina sababu ya kushirikiwa na "kila mtu". Karani akihitaji kuiona, apewe jina lake na neno lake la siri.

Jambo la toleo la Windows nalo linahusika. Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 7 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya zamani isiyopata marekebisho inaweza bado kupima mizigo vizuri, lakini haifai kuwa kwenye waifai moja na wageni. Kama fedha za kununua nyingine hazijapatikana, itoe kwenye mtandao na uhamishe hesabu kwa njia nyingine.

Fundi na kamera ya ghala

Mahali tunapoona hatari zaidi, hata hivyo, si kompyuta ya wakala. Ni kamera.

Mwenye ghala ananunua kamera nne na kinasa picha. Anataka kuziona akiwa Dar es Salaam. Fundi anakuja, anaingia kwenye ruta, anafanya mambo yake kwa nusu saa, na kumwambia, "Bosi, tayari, sasa unaona kwenye simu." Alichofanya, mara nyingine, ni kutoboa mlango kwenye ruta ili mtu yeyote duniani akigonga hapo apelekwe moja kwa moja kwenye kinasa picha. Neno la siri ameliacha lile la kiwandani ili bosi asilisahau. Ghala lina kufuli tatu mlangoni na dirisha moja lililo wazi kuelekea dunia nzima.

Vivyo hivyo kwa mhasibu anayetaka kuingia kwenye kompyuta ya ofisi akiwa mbali. Fundi hufungua 3389 kwenye ruta na kazi inaisha. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro iliyopewa jina la BlueKeep kwenye huduma hiyo hiyo, nzito kiasi kwamba ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP iliyokuwa imeshaachwa. Njia iliyo salama zaidi ni kumpa mhasibu njia ya faragha, ile inayoitwa VPN, inayomtaka ajitambulishe kwanza ndipo afike kwenye kompyuta. Fundi akisema ni kazi kubwa, anasema kweli kwa upande wake. Kwa upande wako ni kazi ya siku moja.

Ushauri wetu kwa mwenye fedha ni kubadili namna ya kulipa. Usimlipe fundi kwa sababu picha imeonekana kwenye simu. Mlipe akikuletea karatasi mbili: orodha ya milango iliyokuwa wazi kabla hajaanza, na orodha ya iliyo wazi baada ya kumaliza, kila mmoja ukiwa na sababu yake kwa Kiswahili. Mlango usio na sababu ufungwe kabla hajaondoka. Nmap ni ya bure, ukuta wa Windows umekuja na kompyuta, na ruta nyingi zina ukuta wake ndani. Anayekuuzia ukaguzi huu kwa bei ya pikipiki anakuuzia maneno.

Wako wanaoamini kwamba mambo haya ni ya wanyonge tu na kwamba wakubwa wameshayamaliza. Februari 2016 wezi walihamisha dola milioni 81 kutoka akaunti ya Benki Kuu ya Bangladesh iliyoko New York. Mpelelezi wa polisi wa nchi hiyo aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba benki hiyo haikuwa na ukuta wa ulinzi na ilitumia vifaa vya kuunganishia mtandao vya mtumba vya dola 10. Na wazee wa Nachingwea hawahitaji kwenda mbali hivyo kuhusu kutumia fedha kabla ya kupima. Mpango wa karanga wa Waingereza uliotangazwa baada ya vita ulijengewa bandari na reli kabla udongo na mvua havijajulikana vizuri. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta hasara ya takriban pauni milioni 36, na reli ya kwenda Mtwara iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nyumba ya jirani usiigonge

Tulisema jaribio lifanyike kwa vifaa vyako tu. Sababu ni sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, inafanya kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, na adhabu yake inaweza kuwa faini isiyopungua shilingi milioni tatu, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo inagusa pia programu zilizotengenezwa kwa ajili ya kutenda makosa.

Wanasheria wanaweza kubishana kama kupiga hodi ni sawa na kuingia. Mahakama moja ya shirikisho huko Georgia, Marekani, ilikutana na suala hilo mwaka 2000 katika kesi ya Moulton na kampuni ya VC3, na ikaona kwamba hodi zile hazikuleta madhara kwa maana ya sheria yao. Hiyo ni Georgia. Mfanyabiashara wa Nachingwea hana haja ya kuwa mtu wa kwanza kuipima hoja hiyo mahakamani hapa kwetu, tena katikati ya msimu. Usikague waifai ya nyumba ya wageni, usikague ruta ya chama cha msingi kwa sababu tu wewe ni mwanachama, na kamwe usiiguse anwani ya mfumo wa mnada. Kuwa nyuma ya anwani ya kampuni ya simu nako kuna mtego wake. Ukikagua anwani yako ya nje kama inavyoonekana kwenye intaneti, unaweza kuwa unagonga mitambo ya kampuni, si ruta yako.

Chama cha msingi kikitaka ukaguzi, na vingi vingefaidika, bodi yake itoe idhini kwa maandishi: anwani zipi, nani atakagua, siku gani na saa ngapi, na orodha atakabidhiwa nani. Kwenye kompyuta za vyama mna majina ya wakulima, kilo walizopeleka na akaunti wanazolipwa. Hizo ni taarifa za watu, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza azilinde. Orodha ya milango iliyo wazi nayo ni siri. Isitumwe kwenye kundi la simu lenye watu mia mbili.

Haya yote yana mpaka wake. Ukaguzi wa milango hauwezi kumzuia karani anayepokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" na kuituma. Hauwezi kugundua barua pepe ya bandia yenye akaunti mpya ya muuzaji wa magunia. Kwa wasomaji wetu wengi, fedha nyingi zaidi zinaweza kupotea kwa simu kuliko kwa mlango 445, na dawa ya hilo ni kumpigia muuzaji kwa namba uliyoizoea kabla ya kulipa. Ukaguzi unafunga njia moja. Ni njia ambayo mwenyewe haioni mpaka aigonge, ndiyo maana tumeipa ukurasa mzima.

Ukikuta kitu kibaya zaidi ya mlango uliosahauliwa, kwa mfano mafaili yaliyofungwa na ujumbe wa kudai fedha, chomoa kompyuta kwenye mtandao bila kuizima na upeleke taarifa. Nchini kuna kikosi cha kushughulikia matukio hayo, TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kwa upande wa kosa la jinai ni polisi.

Kuhusu wakati, minada ya ufuta huanza Mei au Juni na ya korosho Oktoba. Ukaguzi ufanywe Aprili na Septemba, siku ambayo hakuna mzigo unaosubiri bei, kwa sababu vifaa vya zamani huweza kuganda vinapogongwa mfululizo. Ruta ikigeuka ikakwama siku ya mnada, hasara ni ile ile kana kwamba umeibiwa. Na kabla ya kugonga milango yote, zima printa au itoe karatasi. Baadhi ya printa zikigongwa 9100 hudhani zimetumiwa kazi, zikachapa ukurasa baada ya ukurasa wa herufi zisizosomeka mpaka rimu iishe.